Mpiga Ngoma wa Kabaka na Albamu Yetu ya Mkuyuni



Kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda, na kila mwaka tunasikia zaidi habari za Karoli Lwanga na wale vijana waliochomwa moto Namugongo. Ni sawa kabisa. Lakini mwaka huu mimi nimekwama kwa mmoja ambaye hakufia Namugongo wala hakuchomwa moto. Anaitwa Andrea Kaggwa. Alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka wa Buganda. Niliyemtafuta mwanzoni nilitaka awe msimamizi wa kikundi chetu cha muziki tu, basi, tuweke jina lake kwenye jalada la albamu. Mambo yakaenda kwingine.

Hebu nianze na hiyo albamu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini huyu mtakatifu amenisumbua.

Tulikuwa vijana watano hapa Mkuyuni. Wote tunatoka jumuiya jirani, wote tumepitia kwaya, na wote tulikuwa tumechoka kinanda. Yaani kwaya zetu ni nzuri, lakini kuna nyimbo ambazo ukiziweka kinanda na spika kubwa zinakufa. Tulikuwa na nyimbo tisa za namna hiyo, tumezitunga wenyewe, nyingine mahadhi yake tumeyaokota kwa bibi zetu wa Kisukuma. Tukasema tuzirekodi kavu kavu: magalatoni mawili, kayamba, ngoma moja, na sauti. Studio ni hela, na hela hatuna. Kwa hiyo tukarekodi nyumbani kwa mwenzetu mmoja, kwenye chumba cha nyuma, huku mlimani kwenye mawe.

Mnaoishi Mwanza mnajua nyumba za kwenye mawe zilivyo. Chumba kina ukuta mmoja ambao ni jiwe lenyewe. Sauti inagonga pale inarudi. Tukasimamisha godoro upande huo, tukatundika mablanketi pande nyingine, maiki moja ya kuazima, na laptopu ambayo betri yake imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika kila kitu kinapotea. Tulijifunza kuhifadhi kila baada ya dakika chache. Mchana haiwezekani kurekodi: malori yanapiga honi kule barabarani, jirani anachomelea mageti, watoto wanacheza. Mvua ikinyesha juu ya bati, ndiyo mwisho wa siku. Tulikuwa tunaanza saa nne usiku, tunamaliza saa saba, na mama mwenye nyumba alivumilia yote hayo, na chai ya tangawizi alituletea. Mungu ambariki sana.

Nyimbo nane zilikamilika. Zikiwa kwenye flashi, ukabaki mmoja tu, wa tisa, wa kumalizia.

Halafu mwenzetu mpiga ngoma akachukua ile flashi. Alisema anakwenda kuisikiliza nyumbani. Wiki mbili baadaye tukazikuta nyimbo sita mtandaoni kwa jina lake peke yake, na shukrani chini yake kwa watu ambao hata mlango wa kile chumba hawaujui. Sauti ni zetu, magita ni yetu, hata kikohozi changu kwenye wimbo wa tatu kimo. Jina ni lake.

Sitasema mengi hapo. Kiukweli niliumia kuliko nilivyotegemea. Huyu tulisoma naye mafundisho ya Kipaimara. Tulimpigia simu, hakupokea. Baadaye aliziondoa zile nyimbo, kimya kimya, na akakaa miezi kadhaa haonekani jumuiya. Halafu mwezi wa tatu akatuma ujumbe kwa mmoja wetu kwamba amekosa na kwamba angependa kurudi kumalizia ule wimbo wa tisa. Wawili wakasema aje. Mmoja akasema akija yeye anatoka. Mimi nikasema tutafute kwanza mpiga ngoma mwingine, halafu tutaona. Hiyo ilikuwa namna yangu ya kusema hapana bila kusema hapana.

Usiku huo huo yule mama, akiwa anakusanya vikombe, akatuuliza kama tunajua kwamba katika wale Mashahidi wa Uganda kulikuwa na mpiga ngoma. Hatukujua. Akasema yeye amekulia Bukumbi, na watu wa Bukumbi wanapaswa kujua mambo ya Uganda, maana yaliwahusu. Kisha akaenda kulala. Mimi nikaanza kutafuta.

Andrea Kaggwa hakuzaliwa Mganda. Alikuwa mtoto wa Bunyoro, ule ufalme wa upande wa magharibi uliokuwa ukipigana na Buganda mara kwa mara. Alizaliwa karibu mwaka 1856. Katika uvamizi mmoja Waganda walimteka akiwa mdogo, na kama walivyofanyiwa mateka wengi waliokuwa na sura nzuri na akili nyepesi, akapelekwa kwa Kabaka Mutesa kuwa mtumishi wa ikulu. Fikirieni hapo kidogo. Mtoto amenyang'anywa wazazi na lugha, anawekwa katika nyumba ya mfalme wa adui. Angeweza kukua na uchungu tu moyoni. Lakini wote walioacha kumbukumbu zake wanamweleza kama mtu wa kupendwa, mchangamfu, mtu ambaye ukikaa naye hutaki kuondoka.

Pale ikulu akafundishwa ngoma. Na msidhani ngoma ya ikulu ya Buganda ilikuwa burudani tu. Ngoma ilitangaza mfalme anapotoka, ilitangaza vita, ilitangaza msiba. Kila cheo kikubwa kilikuwa na mlio wake. Kaggwa alipanda mpaka akawa mkuu wa kundi la wapiga ngoma wa Kabaka, kwa cheo kilichoitwa Mugowa, akapewa na mahali pa kujenga. Kwa lugha yetu ya leo, huyu alikuwa mwanamuziki mwenye kazi ya uhakika serikalini.

Mwanzoni, kama vijana wengi wa ikulu, alivutwa na Uislamu ulioletwa na wafanyabiashara kutoka pwani. Sasa hapa ndipo Mwanza inapoingia kwa mara ya kwanza. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walifika mwambao huu wa kusini mwa ziwa, wakafikia Kageyi, na kutoka hapa Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans wakavuka kwa mtumbwi mpaka Buganda. Walitua karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Waganda walishindwa kulitamka lile neno la Kifaransa la kumwita padre, wakamwita Mapeera, na jina likabaki. Kwa hiyo mkisikia kwamba imani ilifika Uganda kwa njia ya maji, maji hayo ni haya haya tunayoyaona tukiwa juu ya mawe hapa.

Kaggwa alianza mafundisho kwa Mapeera mwaka 1880 na akabatizwa Aprili 1882. Akafunga ndoa ya Kikristo na Clara Batudde, mke mmoja, katika ikulu ambayo ukubwa wa mtu ulihesabiwa kwa wingi wa wake zake. Na hakuishia kwenye kubatizwa. Wale waliokuwa chini yake kazini aliwafundisha dini, majirani aliwafundisha dini. Maradhi ya mlipuko yalipoingia, alizunguka kuwahudumia wagonjwa, akawabatiza waliokuwa wanakufa na kuwazika waliokufa.

Halafu mapadre wakaondoka. Hili huwa hatulisikii sana kwenye mahubiri. Novemba 1882 wamisionari, kwa kuona hali ya ikulu imekuwa mbaya na hatari, waliondoka wote Buganda, wakavuka ziwa kurudi kusini. Mwaka 1883 wakafungua misheni Bukumbi. Ndiyo, Bukumbi hii hii, ukitoka Mkuyuni unapita Butimba, Nyegezi, Buhongwa, Usagara, unaelekea njia ya Kigongo. Walikaa huku karibu miaka mitatu. Kule Buganda hakukuwa na padre hata mmoja, hakuna Misa, hakuna Kitubio. Wakristo wenyewe walikuwa bado wachanga katika imani.

Waliobaki kuishikilia imani ni walei. Yosefu Mukasa Balikuddembe ndani ya ikulu. Matia Mulumba kule Singo. Na Andrea Kaggwa, mpiga ngoma, nyumbani kwake. Kuna wakati tukikosa padre jumuiya Jumamosi moja tunalalamika. Hawa walikaa hivyo tangu mwishoni mwa 1882 hadi Julai 1885, na mapadre waliporudi walikuta Wakristo wameongezeka, si wamepungua.

Aliyewaita warudi ni Kabaka mpya, Mwanga. Alitawazwa Oktoba 1884 baada ya Mutesa kufa, akiwa kijana kabisa. Na hapa naomba tusimame, maana Mwanga na Kaggwa walikuwa marafiki. Si mfalme na mtumishi tu. Walifahamiana kabla Mwanga hajawa mfalme, na alipotawazwa alimweka Kaggwa karibu naye, akawa anatembea naye, akaongeza heshima yake. Kaggwa naye alimlinda. Mwaka 1885, ilipogundulika kwamba wakubwa fulani wanapanga kumwondoa Mwanga, na Katikkiro, yaani waziri mkuu, akiwa mmoja wao, Wakristo ndio waliomwonya Kabaka. Kaggwa alikuwemo. Mwanga aliokoka. Katikkiro aliomba msamaha, akasamehewa, akabaki na cheo chake. Lakini hakusahau ni nani waliomchoma.

Mambo yakageuka haraka. Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Anglikana aliuawa njiani akielekea Buganda. Yosefu Mukasa akamkemea Mwanga kwa mauaji hayo, na tarehe 15 Novemba naye akakatwa kichwa. Mwanga alikuwa kijana mwenye hofu: hofu ya Wazungu wanaonyemelea nchi yake (na tukumbuke hofu hiyo haikuwa ya bure, Waingereza walikuja kweli), hofu ya wazee wa baraza, hofu ya vijana wa ikulu ambao hawakumtii tena kwa kila alichotaka, hasa pale alipotaka kuwatumia kwa tamaa zake. Februari 1886 ikulu yake ya Mengo iliungua, akahamia Munyonyo, kando ya ziwa. Mwezi Mei hasira ikafumuka.

Katikkiro alikuwa na sababu zake mbili za kumtaka Kaggwa: lile onyo, na kwamba Kaggwa alikuwa akiwafundisha dini hata watoto wa nyumbani kwake. Akaenda kwa Mwanga kuomba auawe. Mwanga akakataa mwanzoni. Alikuwa rafiki yake. Katikkiro akaendelea kung'ang'ania, akamsumbua na kumsumbua, mpaka Mwanga akachoka akamwambia afanye anavyotaka.

Hapo mimi niliacha kusoma nikazima simu. Sijui mnanielewa. Mwanga hakuamka asubuhi akiwa amepanga kumuua rafiki yake. Alimwachia tu. Alichoka kubishana, akamwacha mtu mwingine aamue. Nilikumbuka ile flashi juu ya meza, na jinsi ambavyo labda mwenzetu naye kuna mtu alimsukuma sukuma, akamwambia hao wenzako hawatafika popote, weka jina lako. Sijui. Sijawahi kumuuliza.

Tarehe 26 Mei 1886 Kaggwa alikamatwa. Katikkiro alikuwa ameapa kwamba hatakula chakula mpaka auone mkono wa Kaggwa uliokatwa umeletwa mbele yake. Mnyongaji hakuwa na haraka. Alionekana hataki kazi ile, akawa anachelewa. Kaggwa ndiye aliyemhimiza. Alimwambia afanye upesi alichotumwa, asije akajiletea matatizo kwa bwana wake kwa kuchelewa. Nimelisoma hili mara nyingi na bado linanishinda. Mtu anakwenda kufa, na anamwonea huruma yule mwenye panga asije akagombezwa.

Walimkata mkono kwanza, ukapelekwa kwa Katikkiro. Kisha wakamkata kichwa. Alikuwa na miaka kama 30. Mkono ule ndio uliokuwa ukipiga ngoma ya mfalme, na kule Munyonyo, kwa jinsi ilivyo kando ya ziwa, wapiga ngoma wenzake lazima walijua siku hiyo hiyo.

Clara alibaki mjane. Wiki iliyofuata, tarehe 3 Juni, ukawa ule moto wa Namugongo. Wakatoliki waliokufa katika mateso yale ni 22, na wapo pia ndugu zetu Waanglikana waliokufa pamoja nao, ambao Papa Paulo VI aliwakumbuka kwa heshima alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu huko Roma, tarehe 18 Oktoba 1964. Kabla ya hapo Papa Benedikto XV alikuwa amewatangaza wenyeheri, Juni 1920. Kwa ajili ya sherehe ya 1964 mwanamuziki Mganda, Joseph Kyagambiddwa, alitunga oratorio nzima juu ya Mashahidi kwa muziki wa Kiganda, ikaimbwa hukohuko Roma. Nafurahi kwamba Kaggwa, ambaye hakuacha mlio hata mmoja uliorekodiwa, aliimbiwa kwa ngoma za kwao. Leo anaheshimiwa kama msimamizi wa makatekista, walimu na familia, na Munyonyo kuna madhabahu ya hija; Papa Fransisko alikutana na makatekista pale Novemba 2015.

Vitabu vingi vya watakatifu vinaishia hapo. Ila mimi nilikuwa bado na swali la yule mama: kwa nini alisema mambo ya Uganda yaliwahusu watu wa Bukumbi? Nilidhani ni kwa sababu ya mapadre kukaa kule kati ya 1883 na 1885. Jumamosi iliyofuata nikamwamkia, nikamuuliza. Akacheka, akasema nimeishia njiani, niendelee.

Nikaendelea. Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Wakristo na Waislamu waliungana kumwondoa, na muda mfupi baadaye wakagombana wenyewe kwa wenyewe, mapadre nao wakafukuzwa Buganda, wakavuka ziwa tena kuja kusini na Wakristo waliowafuata. Mwanga alikimbia kwa mitumbwi. Alifikia kwanza kwa wafanyabiashara Waarabu huko Magu, ambako aliishi kama mfungwa zaidi kuliko mgeni. Akawatoroka. Na mahali alipokimbilia, wapendwa, ni Bukumbi. Kwa mapadre. Kwa Mapeera mwenyewe, aliyembatiza Kaggwa, aliyewafundisha karibu wote waliouawa.

Ilikuwa miaka miwili na nusu tu tangu Munyonyo. Pale Bukumbi walikuwepo Wakristo Waganda wakimbizi, watu ambao ndugu na marafiki zao walikufa kwa amri ya mtu huyu. Na anakuja sasa, hana ngoma mbele yake, hana baraza, ni kijana wa miaka ishirini na kitu anayeomba mahali pa kulala.

Walimpokea. Walimpa pa kukaa na chakula, akaishi pale kwa miezi kadhaa, akaanza hata kusikiliza mafundisho. Mwaka 1889 akaondoka Bukumbi kwa mashua kurudi kupigania kiti chake, na Wakristo wengi wakawa upande wake. Sitaki kuipamba habari hii. Kulikuwa na siasa ndani yake. Mapadre na Wakristo walijua kwamba kumrudisha Mwanga ndiyo njia ya wao wenyewe kurudi. Na Mwanga hakuwa mtakatifu baada ya hapo. Aliendelea kuyumba, akapigana na Waingereza, wakamkamata, wakampeleka Visiwa vya Shelisheli, akabatizwa huko katika Anglikana kwa jina la Daniel, akafa 1903. Hakuna aliyemwambia Bukumbi kwamba yaliyopita hayakutokea. Damu ilikuwa imemwagika na kila mtu alijua ni ya nani. Lakini mlango ulifunguliwa kabla ya kujua atageuka kuwa nani.

Hapa nawaambia ukweli wangu, maana hili si somo la historia. Mimi kwenye hadithi ya Kaggwa nilikuwa nimejipanga upande wa Kaggwa. Niliyedhulumiwa, niliyeibiwa kazi ya mikono yangu. Nilipofika Bukumbi nikagundua kwamba Kaggwa hayupo tena kwenye hadithi, yuko mbinguni, hana shida. Waliobaki na kazi ngumu ni wale waliokuwa pale mlangoni. Na mimi niko mlangoni. Kosa langu mimi lilikuwa dogo na la adabu: kusema tutafute mpiga ngoma mwingine halafu tutaona. Nyimbo sita si maisha ya mtu, najua, nimejiambia hivyo mara nyingi, na bado moyo haukutaka.

Tulikwenda Bukumbi, sisi wawili na yule mama, siku ya Jumapili baada ya Misa ya kwanza. Daladala mpaka Usagara, halafu gari nyingine. Sikwenda kuhiji hasa, nilitaka kuona tu. Panaonekana kama misheni nyingine kongwe, miti mikubwa, hospitali, shule ya wasichana. Mama alituonyesha upande wa ziwa walikokuwa wakitua kwa mitumbwi, au angalau upande ambao bibi yake alimwonyesha yeye. Tukasali Rozari tukiwa tumekaa kwenye kivuli. Katika tendo la tatu nilimtaja mwenzetu kwa jina. Mwenzangu wa gita alinyamaza kidogo, halafu akaendelea na Salamu Maria.

Tuliporudi nilimwandikia mwenyewe. Nilifuta ujumbe mara tatu kwa sababu kila mara nilijikuta nimeanza kwa kumkumbusha alichofanya. Wa mwisho ulikuwa mfupi: siku, saa, na kwamba wimbo wa tisa uko kwenye ufunguo ule ule tuliouacha. Sikuandika kwamba nimemsamehe, kwa sababu sikuwa na uhakika kama nimemaliza. Yule mwenzetu aliyesema akija yeye anatoka nilimwambia pia, uso kwa uso. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nimwache kwanza. Nimemwacha. Tunamwombea, na nyie mtuombee.

Ijumaa iliyopita saa nne usiku tulikuwa watatu chumbani, godoro limesimama, mablanketi yametundikwa. Umeme upo. Mlango ukagongwa taratibu. Alikuwa amefunga ngoma kwenye khanga ya mama yake, akamwamkia mama mwenye nyumba, akasimama pale pale kizingitini kana kwamba haijui nyumba. Hakuna aliyekuwa na la kusema. Mama akamwuliza kama anakunywa chai, akasema ndiyo. Tukasogeza kigoda karibu na godoro, akakaa, akaijaribu ngoma kwa vidole, na mwenzangu wa gita akamwambia iko juu kidogo, ailegeze.